Moduli ya shia

Moduli ya shia (alama yake ni *G*; katika vitabu vingine *μ*) ni kipimo kinachoonyesha jinsi mango, yaani kitu kigumu, kinavyopinga kubadilishwa umbo bila kubadilishwa ujazo. Huitwa pia moduli ya ugumu. Hupimwa kwa paskali, na kwa kuwa namba zake kwa kawaida ni kubwa, hutajwa kwa gigapaskali (GPa), yaani paskali bilioni moja.

Feleji ina moduli ya shia ya takriban GPa 79, shaba kati ya 45 na 48, alumini 26, na risasi chini kidogo ya 6. Almasi inazidi GPa 470. Mpira laini hauna hata sehemu moja ya elfu ya gigapaskali. Maji yaliyotulia hayana moduli ya shia kabisa, na hiyo ndiyo tofauti ya msingi kati ya mango na kiowevu: vyote viwili hupinga kubanwa, lakini ni mango tu inayotetea umbo lake.

Maana ya shia

Chukua kitabu kinene, kilaze mezani, weka kiganja juu ya jalada na ulisukume kuelekea upande mmoja bila kukiinua kitabu. Jalada la juu litasogea, la chini litabaki mahali pake, na kila ukurasa utateleza kidogo juu ya ule ulio chini yake. Ukikitazama kwa ubavuni, mstatili umekuwa msambamba. Unene wa kitabu haukubadilika, wala ukubwa wa kurasa, kwa hiyo ujazo ni uleule. Kilichobadilika ni pembe. Mabadiliko ya namna hiyo ndiyo shia.

Kani (nguvu) inayoleta shia hulala sambamba na uso wa kitu. Kani inayovuta au kubana huelekea wima kwenye uso huo. Kani ya shia ikigawanywa kwa eneo la uso hutoa *mkazo wa shia*:

τ = F ÷ A

Umbali ambao uso wa juu umesogea, ukigawanywa kwa kimo cha kitu, hutoa *mgeuko wa shia*:

γ = x ÷ h

Mgeuko hauna kizio kwa sababu ni urefu uliogawanywa kwa urefu. Kwa migeuko midogo, mkazo na mgeuko huwiana, na uwiano wao ndio moduli ya shia:

G = τ ÷ γ

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ukubwa wa namba hizi. Kipande cha mpira chenye uso wa sentimita 10 kwa 10 na kimo cha sentimita 2 kimegundishwa mezani, na uso wake wa juu unasukumwa kwa kani ya niutoni 100, karibu sawa na uzito wa mzigo wa kilo 10. Eneo ni mita za mraba 0.01, kwa hiyo mkazo ni paskali 10,000. Ikiwa G ya mpira huo ni paskali 600,000, mgeuko ni 0.0167, na uso wa juu utasogea theluthi moja ya milimita. Jicho makini linaweza kuliona hilo. Badala ya mpira ukiweka feleji ya vipimo hivyohivyo, uso utasogea takriban nanomita 2.5, ambazo ni sawa na atomu kumi hivi zikipangwa mstari. Feleji imesogea kweli, ila hakuna jicho litakaloshuhudia.

Jina "moduli ya ugumu" limewapotosha wanafunzi wengi, maana kwa Kiswahili cha kawaida "ugumu" hubeba mambo matatu tofauti. La kwanza ni kukataa kugeuka umbo, na hilo ndilo linalopimwa na G. La pili ni kustahimili mkazo mkubwa bila kupinda moja kwa moja au kukatika. La tatu ni kukataa kukwaruzwa. Kioo kina G inayolingana na ya alumini au kuizidi kidogo, lakini hakuna anayeweza kukipinda kioo kama sufuria.

Uhusiano na moduli nyingine

Kitu ambacho tabia yake ni moja katika pande zote kinahitaji namba mbili tu kueleza unyumbufu wake wote. Mtu akijua mbili, nyingine zote hupatikana kwa hesabu. Moduli ya Young (E), ambayo ndiyo ya kwanza kufundishwa shuleni, huhusiana na G hivi:

E = 2G(1 + ν)

Hapa ν ni uwiano wa Poisson, yaani kiasi ambacho kitu hupungua unene kinapovutwa kwa urefu. Kwa metali nyingi ν ni karibu 0.3, hivyo E ni takriban mara 2.6 ya G. Kwa mpira ν hukaribia 0.5 na E huwa karibu mara tatu ya G.

Moduli ya ujazo (K), inayopima jinsi kitu kinavyopinga kubanwa kutoka pande zote, inaweza kuwa mbali sana na G. Mpira ni mfano mzuri. Kuubana hadi ujazo wake upungue ni kazi ngumu, maana K yake huwa GPa 1 hadi 2, karibu kama maji. Kuubadilisha umbo ni kazi ya vidole viwili. Kwa hiyo kusema tu kwamba mpira ni laini hakutoshi: umbo lake ni laini, ujazo wake si laini.

Msokoto, springi na upimaji

Mahali ambapo G hufanya kazi kila siku ni kwenye msokoto. Fundi anapozungusha bisibisi, kila duara jembamba la ule mtaimbo wa chuma huteleza kidogo juu ya duara la jirani yake, na hiyo ni shia tupu. Fimbo ya mviringo yenye urefu L na nusukipenyo r, ikisokotwa kwa momenti M, hujipinda kwa pembe

θ = 2ML ÷ (πGr⁴)

Kipeo cha nne kwenye r kina maana kubwa. Fimbo yenye kipenyo maradufu ni nzito mara nne, lakini hukataa kusokotwa mara kumi na sita. Sababu ni kwamba maada iliyo karibu na katikati haisaidii sana, na iliyo pembeni ndiyo inayobeba mzigo. Ndiyo maana shafti ndefu inayopeleka mzunguko kutoka kwenye giabox ya lori hadi magurudumu ya nyuma hutengenezwa kuwa bomba, si nondo nzima.

Springi iliyosokotwa kama ile ya shokapu ya pikipiki nayo hutegemea G, jambo linalowashangaza wengi. Springi inaporefuka au kufupika, waya wake wenyewe haurefuki kwa kiasi cha maana, unasokotwa. Ugumu wa springi yenye mizunguko n, waya wa kipenyo d na koili ya kipenyo D ni Gd⁴ ÷ (8D³n). Moduli ya Young haimo.

Msokoto ndio pia njia ya zamani na rahisi ya kupima G. Kisahani kizito huning'inizwa kwenye waya, kikazungushwa kidogo na kuachiwa, kisha muda wa mzunguko mmoja kamili wa kwenda na kurudi (T) hupimwa. Kama momenti ya inesha ya kisahani ni I, basi

G = 8πIL ÷ (T²r⁴)

Anayefanya jaribio hili asihangaike sana na saa, maana akihesabu mizunguko hamsini kosa la muda huwa dogo. Ahangaike na waya. Kosa la asilimia 1 kwenye nusukipenyo huzaa kosa la asilimia 4 kwenye jibu, na kwa waya wa milimita 1 asilimia hiyo ni mia moja ya milimita tu. Waya upimwe kwa mikromita mahali kadhaa na katika pande mbili, kwa sababu waya nyingi si duara kamili. Maabara za kisasa hutumia njia nyingine: hupitisha mawimbi ya sauti ya masafa makubwa ndani ya kitu na kupima kasi yake, kama inavyoelezwa kwenye sehemu ya kiini cha Dunia hapa chini.

Wazo lilivyokua

Robert Hooke alichapisha kanuni yake ya springi mwaka 1678, lakini shia ilichelewa kutambuliwa kama jambo la pekee. Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb alichunguza msokoto wa waya za metali na kuchapisha matokeo mwaka 1784. Alionyesha kwamba momenti huwiana na pembe na pia na kipeo cha nne cha kipenyo. Mwaka uliofuata alitumia waya kama huo kupima kani kati ya chaji za umeme. Mwaka 1798 Henry Cavendish wa Uingereza alitumia mizani ya msokoto kupata densiti ya Dunia. Vipimo viwili mashuhuri vya fizikia vilining'inia, kwa maana halisi ya neno, kwenye waya unaokataa shia.

Nadharia kamili ilianza miaka ya 1820, kazi ya Claude-Louis Navier na Augustin-Louis Cauchy. Hapo ukazuka ubishi uliodumu zaidi ya nusu karne. Navier, na baadaye Siméon Denis Poisson, walichukulia kwamba mango ni chembe zinazovutana na kusukumana kwa mstari ulionyooka kati ya kila mbili. Hesabu zao zilitoa namba moja tu kwa kila maada: ukijua E, G imekwisha kujulikana, kwa sababu ν ni lazima iwe robo kamili. Mwingereza George Green, mwishoni mwa miaka ya 1830, alianza kwenye nishati badala ya chembe, akapata kwamba maada ya kawaida inahitaji namba mbili zisizotegemeana. Mfaransa Gabriel Lamé alizipa namba hizo sura inayotumika hadi leo katika kitabu chake cha mwaka 1852. Ya pili kati yake, μ, ndiyo moduli ya shia yenyewe.

Vipimo ndivyo vilivyoamua. Majaribio makini ya Mjerumani Woldemar Voigt juu ya fuwele katika miaka ya 1880 yalionyesha kwamba Green alikuwa sahihi. Hata hivyo Navier na Poisson hawakuwa wajinga. Picha yao ya chembe ilikuwa ya kweli. Kilichokosewa ni sharti kwamba kani zote zifuate mstari kati ya chembe mbili. Atomu haziishi hivyo. Katika almasi vifungo vina mwelekeo, na kila kimoja hukataa si kuvutwa tu bali pia kukunjwa pembe. Katika metali elektroni zinazozunguka huru hutoa gundi ya pamoja isiyomilikiwa na jozi yoyote ya atomu.

Chanzo chake katika metali na fuwele

Paskali ni niutoni kwa mita ya mraba, lakini pia ni juli kwa mita ya ujazo; ni kizio kilekile kilichoandikwa kwa namna mbili. Kwa hiyo moduli ya shia inaweza kusomwa kama nishati iliyofungwa katika kila mita ya ujazo ya maada, nishati ambayo shia inajaribu kuivuruga. Swali la chanzo cha G linageuka kuwa: hiyo nishati ni ipi?

Katika fuwele ya metali kila atomu imekaa kwenye shimo dogo la nishati lililotengenezwa na majirani zake, kama gololi ndani ya bakuli. Shia huisukuma ipande ukuta wa bakuli. Kadiri ukuta ulivyo mkali ndivyo G ilivyo kubwa, na ukali wa ukuta huenda sambamba na nguvu ya vifungo. Shaba inahitaji kilojuli 337 kuvunja moli moja ya atomu zake hadi kila moja iwe peke yake, na moli hiyo ina ujazo wa sentimita za ujazo 7.1. Gawanya: jibu ni juli bilioni 47 kwa mita ya ujazo, yaani GPa 47. Ni karibu kabisa na G iliyopimwa.

Ukaribu huo una bahati ndani yake, na haifai kuufanya kanuni. Kwa risasi (kilojuli 195, sentimita za ujazo 18.3) hesabu hiyohiyo hutoa GPa 10.7, wakati kipimo halisi ni karibu nusu yake. Kwa almasi (kilojuli 715, sentimita za ujazo 3.4) hutoa 210, na kipimo halisi ni zaidi ya mara mbili. Lakini mpangilio umehifadhiwa: risasi chini, shaba katikati, almasi juu. Almasi inauzidi ukadirio kwa sababu iliyotajwa hapo juu, kwamba vifungo vyake hukataa kubadilishwa pembe, na shia ni mabadiliko ya pembe.

Metali ikipashwa moto atomu hutikisika zaidi na kuachana kidogo, ukuta wa bakuli unalegea, na G inapungua. Haipungui hadi sifuri polepole, lakini. Fuwele hubaki na sehemu kubwa ya G yake hadi kwenye kiwango cha kuyeyuka, kisha inaipoteza kwa mara moja.

Chanzo chake katika mpira

Mpira una G iliyo ndogo kuliko ya shaba kwa takriban mara laki moja. Mtu angedhani vifungo vyake ni dhaifu mara laki moja, na angekosea. Vifungo vya kaboni ndani ya mpira ni vya aina ileile iliyomo kwenye almasi. Ukweli ni kwamba shia ya mpira haivigusi vifungo hivyo.

Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli iliyojikunjakunja ovyo kama uzi uliovurugika, na kuungwa hapa na pale kwa salfa wakati wa kupikwa kiwandani. Joto huifanya minyororo itapetape bila kukoma. Mnyororo uliojikunja una namna nyingi sana za kukaa. Ulionyooshwa una chache. Mpira unapogeuzwa umbo minyororo hunyooshwa, na kutapatapa kwake huirudisha kwenye vurugu yake ya awali. Kwa lugha ya sayansi, kinachopinga shia hapa si nishati ya vifungo bali ni entropia.

Hesabu yake ni rahisi kuliko ya metali. Kila moli ya minyororo, ikihesabiwa kutoka kiungo hadi kiungo, huchangia nishati RT, ambayo kwenye nyuzijoto 27 za Selsiasi ni karibu juli 2,500. Mpira wenye densiti ya kilo 930 kwa mita ya ujazo, ambao moli ya minyororo yake ina gramu 5,000, una moli 186 katika mita ya ujazo. Zidisha: paskali 460,000 hivi. Hiyo ndiyo G ya mpira laini.

Kutokana na RT hiyo kuna tokeo lisilotarajiwa. Kadiri mpira unavyopata joto ndivyo G yake inavyopanda. Kutoka nyuzi 27 hadi 87 kipimo cha kelvini huongezeka toka 300 hadi 360, na G hukua kwa asilimia 20, wakati metali yoyote ingelegea. Ning'iniza uzito mdogo kwenye raba bendi hadi inyooke vizuri, kisha ipashe moto kwa mvuke wa birika: uzito utapanda, hautashuka. Mwingereza John Gough, aliyekuwa kipofu, aligundua tabia ya joto ya mpira kwa kuugusisha midomoni alipouvuta, akaandika habari zake mwaka 1805. James Joule alizipima kwa makini mwaka 1859. Maelezo kamili yalisubiri karne ya 20, ilipokubaliwa kwamba molekuli ndefu kama hizo zipo.

Mbona metali hupinda mapema?

Kama atomu za shaba zimekaa kwenye mabakuli yenye kuta kali hivyo, waya wa shaba ungepaswa kuwa na nguvu ya ajabu. Mwaka 1926 Mrusi Yakov Frenkel alikokotoa mkazo unaohitajika ili tabaka zima la atomu liruke kwa pamoja juu ya tabaka lingine, akapata takriban G ÷ 2π. Kwa shaba hiyo ni zaidi ya GPa 7. Fuwele safi ya shaba hupinda kwa mkazo ulio mdogo maelfu ya mara kuliko huo.

Jibu lilitolewa mwaka 1934 na watu watatu, kila mmoja kwa upande wake: Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi. Tabaka haliruki kwa pamoja. Anayetaka kusogeza zulia kubwa lililotandikwa chumbani haliburuzi lote. Hufanya kunjo upande mmoja na kulisukuma kunjo hilo hadi upande wa pili, na zulia linakuwa limesogea. Fuwele zina makunjo ya namna hiyo, kasoro za mstari ziitwazo dislokesheni, zinazosafiri kwa mkazo mdogo. Zilionekana zikitembea kwa mara ya kwanza kwenye darubini ya elektroni huko Cambridge mwaka 1956.

Jambo hili lina faida ya moja kwa moja karakana. Kuchovya feleji ya moto kwenye maji, au kuichanganya na kaboni kidogo zaidi, huzuia dislokesheni zisitembee, na feleji inastahimili mkazo mkubwa zaidi kabla ya kupinda moja kwa moja. G yake haibadiliki kwa kiasi cha maana, kwa kuwa vifungo ni vilevile. Fundi ambaye springi yake inanesa kupita kiasi hatapona kwa kutafuta feleji ya bei kubwa. Inambidi aongeze unene wa waya.

Moduli ya shia na kiini cha Dunia

Wimbi la shia hutikisa maada kwa upande wakati lenyewe likisonga mbele, na kasi yake ni kipeuo cha pili cha G ÷ ρ, ambapo ρ ni densiti. Kwa feleji ni karibu mita 3,200 kwa sekunde. Kama G ni sifuri, hakuna wimbi. Katika matetemeko ya ardhi mawimbi haya huitwa mawimbi S; hufika baada ya mawimbi P, ambayo hubana na kuachia.

Katikati ya karne ya 19 wengi waliamini kwamba Dunia ni ganda jembamba juu ya mwamba ulioyeyuka. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alipinga kwa hoja inayoeleweka na yeyote aliyeishi pwani. Mwezi na Jua huvuta bahari, na bahari hujaa na kupwa. Kama Dunia ingekuwa laini, nchi kavu nayo ingeinuka pamoja na maji, na hata siku za bamvua mvuvi asingeona tofauti kubwa ufukweni. Kwa kuwa tofauti huonekana, Thomson alihitimisha katika miaka ya 1860 kwamba Dunia kwa ujumla ni ngumu kuliko kioo.

Hoja hiyo ilikuwa sahihi, ila wastani huficha mambo. Mwaka 1906 Richard Oldham alionyesha kwa rekodi za matetemeko kwamba Dunia ina kiini cha tabia tofauti. Mwaka 1926 Harold Jeffreys alilinganisha ugumu wa Dunia nzima, uliotokana na jinsi inavyoitikia mvuto wa Mwezi na Jua, na ugumu wa koti la Dunia uliotokana na kasi ya mawimbi S. Koti lilikuwa gumu kuliko wastani. Ili wastani ushuke namna ile, kiini kilipaswa kuwa na G ndogo mno, yaani kiwe kiowevu. Miaka kumi baadaye Inge Lehmann wa Denmark aligundua kiini cha ndani, ambacho leo hujulikana kuwa mango, chenye G ya takriban GPa 160 hadi 175.

Katika kina cha kilomita 2,890, mahali ambapo koti hukutana na kiini cha nje, G huporomoka kutoka karibu GPa 290 hadi sifuri. Mwamba wa hapo, ukiwa umebanwa na uzito wote ulio juu yake, ni mgumu zaidi ya mara tatu na nusu ya feleji. Na bado mwamba huohuo hutiririka polepole kwa mamilioni ya miaka na kubeba mabara. Hakuna ukinzani hapo. James Clerk Maxwell alieleza mwaka 1867 kwamba kitu kinaweza kuwa mango kwa mkazo wa haraka na kiowevu kwa mkazo wa muda mrefu. Lami baridi hufanya vivyo hivyo: ipige nyundo, itavunjika vipande, iache kwenye pipa lililolazwa, itamwagika.

Katika vipimo vya matetemeko

Ukubwa wa tetemeko unaotangazwa leo hukokotolewa kutokana na *momenti ya tetemeko*, ambayo ni G ya mwamba, mara eneo la ufa ulioteleza, mara umbali ulioteleza. Keiiti Aki aliitumia mwaka 1966 kueleza tetemeko la Niigata, Japani, la mwaka 1964, na Hiroo Kanamori aliijengea skeli mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa miamba ya ganda la Dunia G huchukuliwa kuwa takriban GPa 30.

Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi mjini Bukoba, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Momenti yake kwa skeli hiyo ni karibu niutoni-mita 9 × 10¹⁷. Ikigawanywa kwa GPa 30, eneo mara mtelezo ni mita za ujazo milioni 30. Kwa mfano, ufa wa kilomita za mraba 80 ungekuwa umeteleza chini kidogo ya sentimita 40. Tetemeko la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilikuwa na momenti kubwa zaidi kwa karibu mara 22.

G ya udongo ulio chini ya nyumba ina uzito wake pia. Wimbi S linapotoka kwenye mwamba na kuingia udongo laini hupunguza mwendo, na mtikisiko wake hukua. Ndiyo maana wahandisi hupima kasi ya mawimbi hayo katika mita 30 za juu za ardhi kabla ya kujenga. Kanuni za ujenzi za Ulaya huhesabu kuwa mwamba ardhi inayopitisha wimbi S kwa zaidi ya mita 800 kwa sekunde, na huweka katika daraja la udongo legevu ile ambayo kasi yake iko chini ya mita 180. Kwa udongo wenye densiti ya kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, kasi hiyo ya 180 ni sawa na G ya megapaskali 58 tu, kiasi ambacho hakifiki hata moja ya ishirini na tano ya G ya mwamba wa mita 800.